Picha Iliyokupeleka Mazishini

S.L.P. 73,
Makindu.
8 Juni 2025

Mpendwa kaka Musyimi,

Pokea salamu zangu. Kifua chako kinaendeleaje? Mara ya mwisho tulipozungumza ulikohoa mpaka nikakuambia ukate simu ukalale. Sisi tu wazima kiasi, ingawa mvua ya Machi ilituacha mapema na mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti. Sitakudanganya kwamba nyumbani kuna furaha.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya hapa husikilizwa na kila mtu. Uliniuliza kwa nini Baba haulizi tena utakuja lini, na kama amekukasirikia. Hana hasira nawe. Kosa ni langu, na nimelibeba tangu Aprili.

Unajua najifunza kazi ya picha kwa Gachanja, yule mwenye studio karibu na stendi. Picha za paspoti nilizimudu kwa wiki moja. Anachopenda yeye ni zile za kuunganisha: anachukua watu waliopigwa picha mahali mbalimbali, anawaweka pamoja kwenye kompyuta mpaka iwe hadithi moja ya kumgusa mtu moyo. Alinifunza kuchora kwanza kwa penseli, kisha kuangalia mwanga unatoka upande gani na kivuli kinaangukia wapi. Ana mdomo mkali huyo mzee. Kazi yangu ya kwanza, ya familia moja iliyofiwa, aliitazama akasema, "Wewe umebandika watu kama stempu. Hawa wanajua kuna mtu amekufa kweli?"

Ndiyo maana nilikuomba unitumie picha umesimama dirishani, mwanga ukupige kushoto, usicheke, mkono mmoja uwe mbele. Ulidhani ni mazoezi tu. Hata mimi nilidhani hivyo.

Nilichukua picha ya mazishi ya Mama, ile tumesimama na mashada, nikakuweka kati yangu na Baba. Nilikwisha kukusimulia jinsi siku ile pasta alivyomwita kifungua mimba atupe udongo, na Baba akakataa mtu yeyote asimame mahali pako. Alichota udongo akautia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akauweka chini ya kitanda chake uje uumwage mwenyewe. Basi nami pichani nikakutia udongo mkononi. Viatu vyako nikavipaka vumbi jekundu. Kivuli chako peke yake kilinichukua siku tatu. Gachanja alipoiona alitoa leso akapenga kamasi. Nilijivunia, kaka. Nilijivunia sana.

Niliileta nyumbani ikiwa kwenye fremu. Nikamweleza Baba kwamba nimeitengeneza kwa kompyuta, akaitikia. Lakini unajua kusahau kwake kulivyozidi tangu Mama aondoke. Wiki iliyofuata watu wa kanisa walipokuja kumwombea, aliwaambia, "Si Musyimi alikuja kuzika mamake? Huyu hapa, ameshika mchanga." Shangazi Ndinda alifikiri anatania.

Asubuhi moja tukaukuta ule mkebe uani, umeoshwa, vifaranga wakinywea maji. Baba alikuwa amekwenda peke yake kuumwaga udongo kaburini. Alisema wewe ulishatupa wako, huo ulikuwa umebaki tu.

Nilijaribu kurekebisha mambo. Niliitoa picha ukutani kwa siku mbili. Baba hakuuliza picha iko wapi, aliuliza ni nani amemfukuza mwanawe. Alikaa mlangoni akakataa uji, hata maji. Siku ya tatu niliirudisha, nikaenda jikoni kulia.

Hilo ndilo linaloniuma. Miaka tisa gari likipunguza mwendo pale barabarani, Baba alikuwa anasimama kuangalia kama ni wewe. Siku hizi hasimami. Nilitaka kumwondolea uchungu, nimemwondolea hata kukungoja.

Gachanja anasema kazi ilifaulu. Sipendi kulisikia neno hilo. Tangu hapo napiga za paspoti tu.

Sikuambii uache mambo ya makaratasi. Najua ukitoka huko kabla hayajakamilika hawatakuruhusu kurudi. Lakini yakipatikana, kaka, usikae hata wiki. Na ukifika usitegemee akushike na kulia ulivyokuwa ukiota. Nimeona heri uyasikie kutoka kwangu kuliko ukayakute mlangoni. Kama unaweza kunisamehe, niambie. Kama bado, pia niambie.

Shangazi Ndinda anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Yvonne wangu yuko gredi ya nne sasa, naye anakuita mjomba wa ukutani. Nimemkemea lakini haachi. Nilimuuliza Baba nikuandikie nini kutoka kwake. Alisema hana salamu, mlionana juzi.

Mungu akutunze katika baridi hiyo, akuponye kifua, akufungulie njia ya kuja.

Dada yako akupendaye,
Kavindu