Mahali Pakavu Pasipo na Pazia

Basi ng'ombe wamekula pazia lote, hata mgomba mmoja hawakuniachia. Andika hilo kwanza, Anganile. Halafu ndiyo uandike siku: siku ya tatu ya maji, mvua imekatika asubuhi, jua linachoma kama halikuwa limejificha, na kichwa changu kimevurugika kama uji unaokorogwa na watu wawili.

Sijui twende wapi.

Huyu anayeandika ni mdogo wangu wa kike. Kajifunza kuandika huko misheni akiwa na mvi tayari, na daftari kapewa ili aandike kila siku mambo ya roho yake. Roho yake imeisha kurasa tatu, sasa anaandika yangu. Mimi kalamu siijui, nina mdomo tu. Tumekaa wawili juu ya kitanda cha mianzi, miguu tumekunja, maana chini yetu ni maji. Asubuhi yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Sasa yamefika nusu ya ugoko. Chungu changu cha Ikombe, kile kikubwa nilichokibadilisha kwa ndizi na wale mama wa mitumbwi, kinaelea pale mlangoni, kinazunguka polepole kama mgeni anayengoja akaribishwe.

Juu yetu, darini, amelala Tupokigwe, mke wa mwanangu Ambilikile. Tumbo lake limefika mwezi wake. Huyo ndiye tunayemtafutia mahali. Sisi vikongwe tungekaa hata juu ya mti.

Huku kwetu Bujonde maji huja kila masika. Yanaingia kwenye mashamba, yanakaa, yanatoka, tunapanda. Mwaka huu mto umetoka njiani mwake ukaingia mpaka jikoni, na haujaonyesha kwamba una haraka. Milima tunaiona kule, lakini ni mbali kwa mwenye tumbo. Mahali pakavu panapofikika kwa mtumbwi ni patatu tu. Na mimi ndiye niliyeachiwa kuchagua, kwa sababu mambo ya mkamwana ni ya mama mkwe. Mzee wangu hajawahi kuniachia nichague hata mbuzi wa kuchinja. Leo kaniachia hili.

Wanaume wanadhani kuchagua kambi ni kutafuta pakavu.

Kiangazi kilichopita alipita hapa Mdachi mmoja na wapagazi wake, anapima barabara. Nilikuwa nje namenya ndizi. Akatazama maji yako wapi, akatazama kivuli kiko wapi, akanyoosha fimbo yake: hapa. Mahema yakasimama kabla sijamaliza kikapu. Nikasema moyoni, huyu kweli hana mkwe.

Anganile anasema nieleze, labda daftari litasomwa na mtu wa pwani. Haya, mtu wa pwani, sikia. Kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtazami, hamtaji jina, hapiti njia aliyopo. Mzee akija anakohoa kwa mbali, na mkamwana anaingia migombani anachutama mpaka apite. Ni heshima, lakini si heshima tu. Wakionana uso kwa uso, mtoto aliye tumboni hakai. Ndivyo tulivyolelewa. Sasa piga kambi na watu hao wawili! Unataka njia mbili za kwenda majini. Mioto miwili. Migomba ya kusimama katikati. Na unataka utulivu, ili mtu akikohoa asikike.

Pa kwanza ni ukingoni mwa mto, chini ya mikuyu. Pameinuka vizuri, kuni zipo, vichaka vipo, ungepapenda. Juzi nilikwenda na mtumbwi kupatazama. Nikamwambia Ambilikile asimame kule mwisho akohoe. Nikaona mdomo unafunguka, nikaona mabega yanaruka, sikusikia kitu. Mto unaunguruma kama watu wanaogombana nyumba nzima. Nikamwambia akohoe tena kwa nguvu. Akakohoa mpaka akashika mbavu. Wapi! Na maji pale yanapanda bado, na njia ya viboko ni hapo hapo.

Pa pili ni lile banda walilojenga Wadachi kando ya barabara ya Ipinda, la kupumzikia mabwana wakipita. Pana tuta, pana paa. Lakini wamefyeka kila kitu kilichokuwa kijani, wamefagia, pamekuwa peupe kama kiganja. Hata kuku hana pa kujificha. Askari akipita akukute hapo, anakutafutia mzigo wa kubeba. Mimi mzigo ninao tayari.

Pa tatu ndipo penyewe. Ule mwinuko alipokaa baba mkwe wangu zamani, kabla hatujahamia huku. Nyumba ilishaanguka, migomba ikabaki, ikazaana yenyewe mpaka ikawa ukuta. Siku ya kwanza ya maji nilipachagua upesi, nikajisifu. Nikasema: mzee atangulie na Ambilikile na ng'ombe, wakae upande wa jua kutoka. Sisi tuje kesho yake na Tupokigwe, upande wa pili. Migomba katikati. Njia zangu nimezipanga kichwani, moto wangu nimeupanga, hata upepo nimeufikiria, moshi wao usije kwetu.

Midomo ya ng'ombe sikuifikiria.

Wangekula nini, majani yote yamezama? Jana mwanangu kaja na mtumbwi, kasimama pale mlangoni anakuna kichwa. "Juba, migomba imekwisha." Juba ndiyo mama, mtu wa pwani. Nikamuuliza imekwishaje. "Imeliwa. Vimebaki visiki." Na wewe ulikuwa unatazama? "Nawafukuza huku, wanakula kule." Nikamwambia, mtu mzima na ndevu zako umeshindwa na ng'ombe sita. Akasema wewe ndiye uliyesema waje na ng'ombe, juba. Kweli. Nilisema mimi.

Sasa ukisimama mwanzo wa mwinuko unaona mpaka mwisho wake, na ukipenda unaona na ziwa.

Anganile anacheka. Anasema, "Dada, unahangaika bure. Hayo ni ya zamani. Pale kanisani mkwe na mkwe wanapeana mkono mlangoni mchana kweupe, na hakuna aliyeanguka." Ambilikile naye anasema hivyo hivyo, kabatizwa, mkewe kabatizwa. Lakini Tupokigwe huyo huyo aliyebatizwa, akienda kanisani anapita nyuma ya nyumba ya mzee, kwenye upupu, ili wasikutane. Na wewe Anganile, baba mkwe wako kafa tangu lini? Mbona ukienda kisimani unalizunguka kaburi lake?

"Nakwepa matope."

Matope ya kiangazi? Andika na hilo. Andika, usifiche.

Amekubali kuandika. Amenuna, lakini ameandika.

Sasa kuna jambo, na nikilisema leo ni kwa sababu maji yamenizunguka na sina pa kwenda. Tupokigwe amepoteza mimba mbili. Ile ya kwanza ilipotoka, wanawake walinong'ona kwamba alionana na mzee njiani. Ni kweli walionana. Pale njia inapopinda kwenda kisimani. Mzee akafunika uso kwa mikono miwili, mkamwana akaangusha kibuyu, kikapasuka, akakimbia. Watu wakasema ni mkaidi huyu, hana adabu, kwao hawakumfundisha.

Ni mimi niliyempitisha pale.

Nilitaka maji ya kupikia upesi. Nikamwambia pita njia fupi, mzee ameshakwenda shambani. Je, nilijua kwamba amekwenda? Sikujua. Sikutazama. Ilikuwa ni kunyanyuka tu nichungulie nje, nikaona uvivu. Halafu watu walipomsema, nikakaa kimya nikapepeta mpunga wangu. Wala yeye hakusema, "Ni mama mkwe aliyenituma." Hajasema mpaka leo.

Mbona kalamu imesimama, Anganile? Andika.

Ya pili nayo ikatoka, na ile hakuonana na mtu. Nilimlinda kama yai. Hapo ndipo ninapopotea. Kama si kuonana na mzee, ni nini basi? Na kama si mzee, ninahangaikia nini kupima kikohozi na kuhesabu migomba? Nasema nitaacha. Halafu nasema, nikiacha, na hii ya tatu nayo ikaharibika, nitamwambia nini? Nitapepeta mpunga tena?

Anganile anasema tuombe. Tumeomba. Tumemaliza kuomba, maji yako pale pale na mimi niko pale pale.

Ngoja. Ambilikile amefika. Kaegesha mtumbwi mlangoni, chungu changu kimesukumwa mpaka ukutani.

Ameleta neno la baba yake. Mzee anasema wanawake tuuchukue mwinuko, wote. Yeye anahamia ukingoni mwa mto. Nikauliza na nani. "Peke yake. Na ngozi yake ya kulalia na kijinga cha moto." Nikauliza, na kifua chake, kinachofunga kila masika? Na viboko? "Nilimwambia hayo yote. Akasema mto ukiunguruma vizuri, angalau hatawasikia mkimsema."

Hata sasa anafanya mzaha, mzee huyo. Nikamwambia Ambilikile, umemwacha akifunga ngozi? "Juba, mimi nimetumwa tu. Ameshaikunja, amekaa juu yake, anangoja mtumbwi huu huu."

Sasa angalieni. Asubuhi nilikuwa nachanganyikiwa juu ya mahali. Sasa nachanganyikiwa juu ya watu. Yule kule ni mume wangu, nilimkuta na meno yote, leo ana mawili na bado ananisumbua. Maji yakipanda tena pale ukingoni, nani atamvuta? Akikohoa cha kweli, nani atasikia? Na huyu darini, nikimwacha na Anganile peke yake, Anganile atamsomea tu. Usikasirike, unajua ni kweli, wewe damu huiwezi.

Nikikaa na huyu, namwacha yule. Nikiwaweka pamoja, naweka mikono yangu mwenyewe juu ya tumbo la mtoto wa watu, mara ya pili.

Nikae na yupi?

Mzee nimemwuliza kupitia kwa mwanangu. Mwanangu nimemwuliza. Anganile nimemwuliza, na Mungu wa Anganile pia. Ng'ombe wamenijibu bila kuulizwa. Siku tatu nazungusha watu hawa kichwani kama ninayepanga vyungu juani, huyu huku, huyu kule, na yule aliye darini sijamwuliza hata mara moja. Nilimpelekea ndizi za kuchoma tu. Nilimwambia, "Kula." Akala.

Dari linalia. Anashuka. Mwambieni asishuke peke yake, ile ngazi ina kipande kilichooza.

Ameshashuka. Amesimama majini, ameshika mkeka wa kulalia, ule mpana. Sitaki kumtazama usoni. Nimemwuliza, umesikia tuliyokuwa tunaandika?

"Dari ni la mianzi, juba."

Hakusema kwa hasira. Wala sikusikia kwamba amesamehe. Kasema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba chumvi imekwisha. Halafu akamgeukia mumewe: "Kamwambie tata, baba yako, asihame. Ukingoni atakufa. Mimi naja huko kwenye mwinuko. Nitajifunika mkeka huu kuanzia mtumbwini, nitakaa chini yake, nitazalia chini yake ikibidi. Yeye atazame anakotaka." Ambilikile akataka kusema neno. "Usiniambie ya kanisani," akasema, "na wala usiniambie ya nyumbani. Shika kafi."

Amejitandaza mkeka kichwani mpaka miguuni. Anaingia mtumbwini, anaonekana kama kibanda kinachotembea. Anganile kafumba mdomo kwa kiganja, sijui analia au anacheka.

Mimi bado niko kitandani. Sijui kama ni sawa. Mkeka si migomba. Upepo wa ziwa ukivuma jioni utaufunua, itabidi mtu aushike pembe. Mtu huyo ni nani kama si mimi? Na nikiushika, niangalie upande gani, wa mzee au wake? Na mzee akiona mkeka unaingia kambini kwake, atanuna au atacheka? Na mtoto—

"Juba! Njoo unishike mkono, mtumbwi unacheza."

Ananiita kutoka chini ya mkeka. Nyanyua daftari, Anganile, lisiloe. Mimi mguu wangu mmoja umeshaingia majini, ni ya baridi kuliko nilivyodhani.

Nakuja, mwanangu. Nakuja.