Skrini za Plastiki na Likizo ya Uongo

Jumatano, Kimamba. Joto limeshika tangu asubuhi. Mawingu yametanda tu, mvua hainyeshi. Nimechoka, na si kwa kazi.

Kazi sina. Leo ndipo nimelitamka hilo.

Wiki tatu nimekuwa nikisema niko likizo. Ukweli ni kwamba kiwanda kilichoniajiri ughaibuni kimefungwa. Tulitengeneza skrini za plastiki, nyembamba kama jalada la daftari, zinazopinda bila kuvunjika. Plastiki hubandikwa juu ya kioo, saketi za umeme zikajengwa juu yake tabaka kwa tabaka, kisha plastiki hubanduliwa. Kubandua ilikuwa kazi yangu. Ukivuta kwa pupa, saketi zinakatika, na jasho la siku nyingi linapotea. Miaka minne nimevuta taratibu. Tulipoanza kupata skrini nzima, wanunuzi walikuwa wameshazoea vioo vya bei rahisi.

Mchana jirani yetu, Mama Asha, aliniuliza narudi lini kazini. Nikamwambia, "Mwezi ujao, mama."

Baba alikuwa kibarazani akipukuchua mahindi. Jirani alipoondoka, akasema bila kuinua macho, "Mtu wa likizo harudi na makoti yake yote ya baridi."

Nikamweleza yote. Nikamletea skrini moja mbovu niliyopewa siku ya kuagana. Akaipinda, akaiachia, ikanyooka.

"Na hii nayo imekosa soko?"

"Imekosa, baba."

Nilingoja anigombeze. Badala yake akanisimulia jambo ambalo hajawahi kutuambia watoto wake. Shamba la mkonge alikofanya kazi lilipobinafsishwa na mashine zikasimama, mwezi mzima alitoka nyumbani kila alfajiri, na chakula alichofungiwa na mama, akaenda kukaa stesheni hadi saa tisa.

Nami nilikuwa nikimkimbilia kumpokea. Nikimpa pole ya kazi.

"Mama alijua?"

"Aliambiwa na watu sokoni. Kazi kwisha alivumilia. Kuambiwa na watu, hilo linamuuma mpaka leo."

Akaendelea na mahindi yake. Nikakaa, nikapukuchua naye.

Mama yuko Rudewa kwa dada yake, anarudi kesho. Kanisani ameshawaambia wote kuwa binti yake ni mtaalamu. Sijui nitaanzia wapi. Ila nitamsubiri pale gari linaposhusha abiria, nimpokee mzigo, nimwambie tukiwa njiani, kabla hajasalimiana na mtu.