Sodiamu ya Taa za Barabarani

Jumatatu, 4 Machi
Nimeipata! Nyota za kishada kimoja, yaani kundi moja angani, zimezaliwa pamoja, zilitakiwa zifanane kama ndugu wa tumbo moja. Mbona baadhi zimejaa sodiamu, oksijeni kiduchu? Nadhani palikuwa na jitu la nyota katikati – likapika sodiamu hiyo, likawatemea wadogo zake wakiwa bado wanajiumba. Nimemwonyesha wifi, mke wa kaka, grafu. Tunafanya kazi ofisi moja, meza zinagusana. Kapiga vigelegele mpaka sekretari kachungulia.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Nilisahau kuondoa mwanga wa anga kwenye vipimo. Taa za barabarani nazo zina sodiamu! Nusu ya ile ziada ni ya barabara, si ya nyota. Nimecheka peke yangu kama chizi. Nimerekebisha: nyota za ajabu zimepungua, ila zipo. Wifi hayupo, eti mtoto anaumwa. Akirudi nitamwambia.

Jumapili, 10 Machi
Ratiba ya mkutano wa wanasayansi imetoka. Jitu langu la nyota lipo – kwa jina la wifi. Lake tu! Na mtoto hana hata mafua.
Nimempigia kaka. Eti mtaelewana wenyewe, usinivunjie nyumba. Mama naye: yameze, ya ndani hayaanikwi.
Mimi ndiye niliyemtambulisha kwa kaka! Mimi niliyemwombea kazi! Kikulacho ki nguoni mwako, kweli. Nimelia bafuni, nikanawa, nikalia tena.

Jumatano, 13 Machi
Ukumbini, safu ya nyuma. Naandika huku anaongea. “Katika utafiti wangu…” Wako! Huna haya?
Subiri – grafu ni ile ya Jumatatu. Taa za barabarani zote zimo! Hajui.
Makofi. Kaka yuko mbele, kaja na maua.
Profesa mmoja mkali kasimama. Anauliza mwanga wa anga uliondolewaje. Macho ya wifi yanazunguka ukumbi mzima, yamenikuta.
Eti swali hilo atajibu wifi yangu, yule pale nyuma, tulisaidiana.
Tulisaidiana! Leo!
Vichwa vyote vimegeuka. Maikrofoni inakuja, mkono kwa mkono. Grafu sahihi ninayo, kwenye flashi mfukoni. Nikiitoa, kaaibika mbele ya wote. Nikimkingia, uongo unakuwa wangu pia. Kaka kageuka, midomo inasema: dada, tafadhali.
Na mimi nani aliniambia tafadhali?
Jirani ananinyooshea maikrofoni. Nimeipokea. Profesa anasema, tunakusikiliza, mama –