Magunia Thelathini kwa Cheti cha Kiingereza

Shikamoo Mama Shufaa. Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Mimi siwezi kuongea Kiingereza. Kukisoma nakisoma, vitabu vya maktaba ya shule nimevimaliza na vingine nimevirudia, lakini mtu akiniongelesha kwa Kiingereza ulimi unakuwa mzito na nabaki kuangalia chini, na mwaka jana wageni walipokuja parokiani mama akasema mbele ya watu kwamba binti yake atatafsiri, nikajifanya naumwa tumbo nikajifungia chumba cha kwaya mpaka walipoondoka.

Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne hapa Ruaha Mbuyuni, naishi na mama na wadogo zangu wawili, na tunalima vitunguu. Mama ananisifu kwa kila mtu kwa sababu mimi ndiye ninayewasomea majirani maandishi kwenye makopo ya dawa za shamba. Sasa kuna chuo kimoja Mbeya kimeleta vipeperushi, wanatoa cheti cha Kiingereza kwa miezi tisa, wanasema ukimaliza unaajiriwa hotelini kwa laki nne kwa mwezi, na ada ni milioni moja na laki nane. Mama ameamua niende nikishamaliza mtihani. Pesa hana, kwa hiyo amekubaliana na Mzee Matano, mnunuzi wa vitunguu kutoka Iringa, kwamba mwisho wa mwezi atampa ada yote mkononi, na vitunguu vikikomaa atachukua magunia thelathini. Shamba letu msimu mzuri linatoa arobaini. Nimepiga hesabu, tutabaki na kumi, na kwa laki nne ningemrudishia mama ndani ya mwaka mmoja, lakini nikifika hapo nakumbuka chumba cha kwaya na hesabu yote inaanguka, maana nani ataniajiri hotelini nisiyeweza hata kusalimia mgeni. Nikimwambia mama ukweli nitamwaibisha kwa wote aliowaambia, nisipomwambia mavuno yanakwenda, na yeye kila siku ananiambia, “Wewe soma tu, vitunguu niachie mimi.” Nifanye nini?

Tekla, Ruaha Mbuyuni

Marahaba, Tekla. Pole, mwanangu. Kukosa ulimi mbele ya watu si kosa, na si wewe peke yako. Wapo watu wazima wenye ofisi zao ambao wakipigiwa simu ya Kiingereza wanasema mtandao unasumbua. Lakini nitakugombeza kidogo.

Umemaliza vitabu vya maktaba, ila kipeperushi umekiamini tu. Laki nne analipwa nani, hoteli gani? Mtafute mtu aliyemaliza pale. Usimuulize aliahidiwa nini. Muulize mwezi uliopita alipokea kiasi gani, na mwenzake asiye na cheti alipokea kiasi gani. Tofauti ya hao wawili ndiyo mnayokwenda kununua kwa vitunguu.

Halafu hilo gunia. Mimi niliolewa Igawa, nimeuza mpunga miaka mingi. Na wewe ni mtoto wa Ruaha Mbuyuni, unajua gunia la mnunuzi likoje: likijaa linashonewa nyongeza juu, linajazwa tena mpaka linaota kichwa. Lumbesa. Mama yako amesema thelathini, Mzee Matano amesikia thelathini, na hakuna aliyetaja gunia lipi. Thelathini ya lumbesa ni arobaini ya kwako. Yale kumi uliyowabakizia wadogo zako hayapo. Simlaumu mzee wa watu, ndivyo wanavyonunua. Nakulaumu wewe uliyepiga hesabu kwa gunia la darasani.

Woga wako hautaponywa na mhuri wa chuo. Utapona kwa kuongea, vibaya, kila siku, na mtu asiyekucheka, na mwalimu mmoja anatosha. Ukikitaka bado hicho cheti, nenda baada ya mavuno na mlipe kwa muhula. Mama yako mwambie sasa, mkiwa wawili. Aibu yake itaisha baada ya Jumapili mbili. Mavuno yakienda, mtalia msimu mzima.

Mama Shufaa, nilifanya hivi. Nilimpigia Eveline, jirani yetu wa zamani aliyesoma chuo kile, sasa yuko mapokezi ya gesti moja Uyole. Akaniambia, “Laki na nusu, mdogo wangu. Mwenzangu wa zamu hana cheti, tunapokea sawa.” Nikamuuliza kama Kiingereza anaongea. “Naongea sana. Wamenifundisha madereva wa malori wa Zambia, kwa kunigombeza maji ya moto yakikatika.”

Kesho yake tukipalilia nilimwambia mama yote. Alipalilia mpaka mwisho wa tuta, ndipo akasema, “Kwa hiyo siku ile tumbo halikuuma.”

“Halikuuma, mama.”

“Na mwarobaini niliokuchemshia?”

“Niliunywa.”

Akaanza tuta lingine.

Mzee Matano alipokuja, mama alinisukuma mbele. “Muulize wewe, msomi.” Nilimwamkia, nikamuuliza ni gunia lipi. Alishangaa. “Lumbesa, binti. Kwani kuna lingine?” Mama akamwambia hatuuzi vikiwa ardhini, aje vikishang'olewa. Alimaliza chai yake akaondoka na pesa zake.

Jumatatu baada ya vipindi nilikwenda kwa Mwalimu Silvester, anayetufundisha Kiingereza. Nilikuwa nimeandaa sentensi moja ya Kiingereza ya kumwomba aniongeleshe kila siku, na katikati nikaisahau. Alisubiri. Nikaimalizia nilivyoweza. Akaniuliza, kwa Kiingereza, nyumbani tunalima nini, nami kwa Kiingereza nikamjibu kwamba ni vitunguu, na kwamba bado viko shambani.