Paa Lisilo na Pembetatu

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo halafu nikasubiri, kama vile utaitikia.

Mama anakula vizuri siku hizi. Msumeno wako kaka Chacha ameupeleka Tarime, lakini hata kigoda hajatengeneza. Yeye na bodaboda, bodaboda na yeye. Mimi bado nafundisha chekechea hapa Ringwani. Na naogopa, Baba. Nakwambia wewe kwa sababu walio hai wameshachoka kunisikia.

Unakumbuka mabua ya mtama? Kwa kuwa kwetu mtoto wa kike hapandi juu ya nyumba, wewe, fundi wa mapaa, ulinishushia paa chini. Ulichukua mabua manne, ukayabana kwenye kona kwa miiba, ukaniambia nisukume. Mraba ukalala ubavu, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Ukaongeza bua moja la mshazari, kona kwa kona. "Sukuma sasa, Bhoke." Haukusogea. "Pembetatu ina kiburi," ulisema. Nilikuwa na miaka saba, nikadhani tunacheza tu.

Mchezo huo ndio ninaowafundisha watoto wangu. Tunajenga vijumba vya mabua, tunavipaka majivu na udongo mwekundu, halafu kila mmoja anasukuma cha mwenzake. Wiki iliyopita tuliuchezea ndani ya darasa jipya ambalo wazazi wametujengea, ingawa bado halijafunguliwa. Gati, binti wa miaka mitano, akatazama juu akauliza, "Mwalimu, mbona letu halina ya kona kwa kona?"

Nikatazama. Kenchi zote, zile fremu za mbao zinazobeba bati, zimesimama wima, bati limeshapigiliwa, na katikati hakuna hata mbao moja ya mshazari. Nikamwendea fundi aliyelijenga. Fundi alisema mbao zilipungua na mvua iko karibu, na kwamba mwalimu wa chekechea arudi kwenye a, e, i, o, u zake. Mwenyekiti wa kijiji akacheka. Darasa linafunguliwa kesho, Jumatatu.

Basi jana nilipanda, Baba. Niliegemeza ngazi, nikajifunga kanga kiunoni, nikapanda mbele ya watu. Mama mkwe alifunika uso. Ngazi ikawa inagonga ukuta. Nikaisukuma kenchi ya kwanza kwa mkono mmoja tu. Ikasogea. Ya pili ikaifuata. Bati likalia.

Tangu nishuke, nyumbani hakuna anayezungumza nami. Wanasema nimeleta mkosi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote: paa likianguka, watasema ni kwa sababu mwanamke alilipanda, na ile mbao iliyokosekana haitatajwa na mtu. Watoto wetu, Baba... Siwezi kuimalizia sentensi hiyo.

Naogopa pia kwamba labda nimekosea. Wewe ungesukuma mara moja ukajua. Mimi nilichonacho ni mabua uliyonichezesha.

Pumzika, Baba. Nisamehe mwiko niliouvunja, ingawa moyoni naona wewe ungenishikia ngazi. Kesho nitafika kabla ya mwenyekiti. Watoto thelathini na wawili watakaa uani, nami nitaweka kiti changu katikati ya mlango. Nakuahidi hataingia hata mmoja mpaka mbao za mshazari zipigiliwe. Nitakuwa natetemeka, hilo najua. Lakini wakitaka kufungua darasa, itabidi wanibebe kwanza.

Binti yako,
Bhoke