Kiangazi cha Miti Thelathini na Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya hamsini na nane bila tone. Ukikanyaga majani msituni yanalia kama karatasi ya biskuti. Mkuu mpya wa kituo chetu cha utafiti wa misitu kafika leo, viatu vinang'aa. Nimemtembeza barabara ya juu. Mbele ya misufi mwitu akasimama, akavua miwani, akauliza hii miti imekufa lini. Nikamwambia haijakufa, imepukutisha majani ili isipoteze maji. Akavaa miwani. Akasema mti usio na majani ni kuni.

Kuni! Miaka kumi na tisa naipima.

Jumanne, 5 Agosti

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa msituni na Kima, mkwea miti wetu. (Jina lake halisi silijui, nadhani hata yeye kalisahau.) Tumesoma bendi za chuma tulizofunga kwenye mashina kupima unene. Usiku mti hunywa, hunenepa kidogo. Mchana jua likikaza, husinyaa. Mti namba 9 umepungua kiuno milimita mbili tangu Juni. Mimi nahangaika na changu tangu Januari — wapi!

Saa nne, barua mezani. Wageni wanakuja tarehe ishirini. "Miti iliyokufa" kando ya barabara ya juu ikatwe kabla. Ni thelathini na saba. Fundi vipimo, yaani mimi, aandae orodha na kuitia sahihi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Mkuu, nikamweleza polepole. Miti inayobaki kijani imezamisha mizizi mbali, inafuata maji ya chini. Isiyofika huko inaangusha majani, inaishi kwa maji iliyoweka shinani. Kila mmoja na njia yake. Akasema wageni hawaji na majembe kuchungulia mizizi.

Hapo mori ukanipanda. Nikasema hakuna hata mmoja uliokufa, sahihi yangu naweka juu ya hilo. Akasema vizuri, weka.

Mdomo huu!

Ijumaa, 8 Agosti

Sasa inabidi nithibitishe. Siku mbili, mimi na Kima, mti mmoja mmoja, kwa kisu kidogo. Unakwangua gome. Chini pakiwa kijani na pana unyevu, mti uko hai. Pakiwa kahawia na pakavu — basi. Kima anapanda kukwangua matawi pia, maana shina lina uongo wake.

Thelathini na mitatu hai. Minne imekufa.

Mmoja wao ni namba 22. Huu nimeupima kila wiki kwa miaka sita. Kwenye daftari unanenepa, unasinyaa, vizuri kabisa. Kima akasema gome lililokufa nalo hunywa umande. Kumbe nimekuwa nikimpima maiti mapigo ya moyo.

Kima akauliza, akitazama pembeni, kama kuna haja ya kuiandika hiyo minne. Nikakaa juu ya mzizi. Kisha nikaiandika.

Jumapili, 10 Agosti

Shemeji kaja kula mchana. Mdogo wa mume wangu huyu, ana pikapu na misumeno miwili ya mashine. Kaja na habari njema: kapata kazi ya kukata miti kituoni kwetu! Mume wangu akaacha kutafuna.

Nikauliza miti mingapi. Thelathini na saba. Nikamwambia thelathini na mitatu iko hai. Akacheka.

"Shemeji, mimi si daktari. Nakata penye alama ya rangi."

"Basi usile kwangu."

Nilitaka iwe utani. Haikutoka kama utani. Akasukuma sahani taratibu, akaondoka. Mume wangu akasema anakwenda kuangalia kama geti limefungwa. Hatuna geti.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepeleka orodha. Miti minne. Mkuu kaisoma na kufurahi. Akasema wiki jana ulisema hakuna hata mmoja, leo minne. Tukikungoja kidogo itatimia yote. Ukweli wangu mwenyewe kanipigia nao.

Nikakataa kuweka sahihi kwenye ile ya thelathini na saba. Akasema si lazima.

Mchana karani kapita na kopo la rangi nyekundu. Kaipaka miti yote.

Alhamisi, 14 Agosti

Mafua. Au hasira. Sikwenda kazini.

Ijumaa, 15 Agosti

Kima kaja nyumbani, kasimama mlangoni, hataki kukaa. Anasema namba 31 umeanza kuchipua huko juu, vichipukizi kama ukucha wa mtoto mchanga. Mvua haipo, wingu halipo! Unatumia akiba yake. Nikampigia Mkuu simu. Akauliza kama vinaonekana kutoka barabarani.

Havionekani.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika hapa hapa barabara ya juu, nimekalia sanduku la vifaa. Saa tatu na robo.

Shemeji kafika saa mbili. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Kaanza na namba 22. Vumbi kavu likaruka, mti ukaenda chini kama gogo. Mkuu akanigeukia, akasema umeona. Nimeona.

Akahamia namba 23. Msumeno ukaingia, mara sauti ikabadilika. Unga wa mti ukatoka mzito kama uji. Kisha maji. Si mengi — yakachuruzika gomeni, yakamlowesha buti. Shemeji kazima mashine. Kachovya kidole, kanusa.

"Shemeji, hii nini?"

"Maji."

"Ya wapi, kiangazi hiki?"

"Ya mvua ya Aprili."

Mkuu anasema aendelee, mti wa kukatwa nusu ni hatari. Kima anasema si nusu. Nimepima: mkato una kina cha sentimita kumi na moja, shina lina upana wa tisini na nne.

Shemeji hajawasha. Ananiuliza mimi, si Mkuu: ukiachwa hivi, unapona?

Nimemwambia sijui. Sijawahi kuupima mti uliokatwa nikaachiwa niendelee kuupima. Kauweka msumeno chini, lakini mkono bado uko kwenye kamba ya kuwashia. Mkuu anasema washa. Kasema mara mbili. Shemeji anataka nimwonyeshe kwa kisu, huo unaofuata, yeye mwenyewe aone, na kisu nimempa Kima, na Kima yuko juu ya huo huo. Naweka kalamu chini, naenda kumwita ashuke nacho.