Kiganja cha Mulat Siku ya Kana

Jumapili, tarehe 5 mwezi wa Tiri

Leo tena nimesali nje ya kanisa, ukutani. Miaka yote hii — ukutani! Ndani komunyo wanapokea watoto na vikongwe. Sisi tuliooana kwa neno la wazee wa mtaa tunabusu mawe na kurudi nyumbani. Kasisi wetu, Abba Tekleab, kahubiri juu ya Mfalme aliyemfanyia mwanawe arusi. Walioalikwa wakatoa visingizio, watumishi wakatumwa njia panda kualika yeyote. Na kilabu changu cha tela, pombe yetu ya shayiri, kiko wapi? Njia panda! Nikamfuata Abba palepale. Kakubali: mimi na mume wangu Mulat tufunge ndoa ya komunyo Jumapili ijayo, sikukuu ya arusi ya Kana. Tukishapokea pamoja, hakuna kuachana mpaka kaburini. Mulat kaitikia kwa kichwa. Nimefurahi mpaka nimeunguza mikate.

Jumatano, 8 Tiri

Wifi Atsede kaja kunicheka. Eti bibi arusi kibogoyo, muuza pombe, avae nyeupe! Nikamwambia aje anishikie shela, kama mikono yake ni misafi. Kaondoka hajamaliza kahawa.

Jioni Mulat naye ana lake. Kapatana ng'ombe kijijini, lazima akamtazame Jumapili. Ng'ombe! Anadhani nilisinzia kwenye mahubiri? Nimemwambia kisingizio hicho kimo kwenye Injili, atafute kingine. Anaogopa, najua. Lile neno "hakuna kuachana" limemkwama kooni.

Jumamosi, 11 Tiri

Sikukuu ya Ubatizo. Mji mzima mtoni. Tangu mchana hatuli, hatunywi, hata maji, mpaka tupokee komunyo kesho. Mulat hajalalamika. Kanipigia pasi nguo yeye mwenyewe! Nimempenda upya, mzee yule.

Jumapili, 12 Tiri

Naandika haraka.

Asubuhi waimbaji wamepita wakisindikiza sanduku takatifu la Malaika Mikaeli kutoka mtoni. Mmoja kabisha hodi, ana kiu. Nikapiga kelele kutoka mlango wa chumbani: leo hatuuzi! Mulat kwa ukarimu wake akamimina tela. Na kabla ya kumpa — kidogo kiganjani, kiganja kinywani. Ndivyo tunavyofanya kila siku, mgeni ajue haina sumu. Nimeona koo la Mulat likipanda na kushuka.

"Mkono umezoea tu, mke wangu. Tone moja! Nani kaona?"

"Nimeona mimi."

Mkono au moyo? Sijui. Yeye anajua.

Sasa niko kanisani, mlango wa wanawake, nimevaa, daftari gotini. Atsede ananinong'oneza: nyamaza, ingieni, msituaibishe ukoo mzima. Leo ndiyo anataka niingie! Nimemjibu kwamba pamba hii nyeupe hata mwizi anaweza kuivaa. Mimi sikungoja nje maisha yangu yote ili niingie na uongo mdomoni. Kama ni aibu, na iwe.

Nimemwambia Mulat aseme mwenyewe. Akisema, tutangoja sikukuu nyingine, sote wawili, ukutani. Akificha, siingii naye leo, wala usiku silali kwake.

Abba katoka. Anamuuliza: "Tangu jana hamjaonja kitu?"

Mulat kakunja kile kiganja, kakificha ndani ya shuka aliyojitanda. Ananitazama mimi. Mimi simwondolei macho, na shela sivui. Shemasi anagonga kengele, watu wanageuka, na Mulat kafungua mdomo —